Faru Wanaoumana: Namna Ninavyofuma Zulia la Ukutani Lisilo na Pengo

Mimi ni fundi tailizi. Niseme nilikuwa, maana magoti yamestaafu kabla ya mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nimetambaa kwenye sakafu za watu hapa Moshi, Pasua, Soweto, Shanty Town, na mara mojamoja Arusha tajiri akinitumia nauli. Siku magoti yalipogoma kabisa nikabaki nimekaa barazani na Mama Neema, ambaye anashona vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia tangu nimemwoa. Mwanamume mzima kukaa tu, anamwangalia mke akitafuta riziki, inatia aibu. Nikaomba uzi.

Kroshia ilinishinda wiki ya kwanza. Vidole vilivyozoea kushika grainda havijui kushika kitu chembamba vile. Kilichonikubali ni kufuma kwenye fremu, kwa sababu fremu ina kona nne, ina vipimo, na unaifanyia kazi ukiwa umekaa. Ninachofuma ni zulia dogo la kutundika ukutani, lenye wanyama walioumana kama tailizi. Mnyama mmoja anapoishia ndipo mwenzake anapoanzia. Hakuna nyasi, hakuna anga, hakuna nafasi tupu. Kwa lugha ya kazi yangu ya zamani, hakuna grauti.

Nitaeleza kwa faru, kwa sababu faru ndiye ninayemjua kwa mkono; nimemfuma mara saba, na vipimo nitakavyotoa ni vya fremu iliyoko hapa barazani.

Kwanza somo la sakafu, maana ukilielewa hili mengine ni uvumilivu tu. Ukitaka tailizi za umbo moja, zenye pande sawa na kona sawa, zijaze chumba bila kubaki upenyo, una maumbo matatu tu: pembetatu, mraba na pembesita. Pembetano utahangaika nayo hadi magharibi. Shida iko kwenye kona, kwa kuwa zinapokutana lazima zitimie nyuzi 360 (nyuzi za kipimo, si hizi za kufumia). Kona ya mraba ni 90, nne zinatimia. Ya pembesita ni 120, tatu zinatimia. Ya pembetano ni 108: tatu zinapungua, nne zinazidi.

Lakini mraba si lazima ubaki mraba. Tazama zile pevingi za meno meno zinazotandikwa kwenye maegesho ya magari. Upande huu una jino, upande wa pili una shimo la kipimo kilekile. Ukimega sehemu upande mmoja na kuiongeza upande unaoukabili, umbo jipya bado litajaza sakafu. Na ukimega kwa akili, umbo jipya linaweza kuwa na miguu na pembe. Mchoraji mmoja Mholanzi, M. C. Escher, aliyeishi kati ya 1898 na 1972, alikwenda kasri la Alhambra kule Granada, Hispania, mwaka 1922, akarudi tena 1936, akakaa kunakili kuta za vigae za mafundi Waislamu wa karne za nyuma. Wale walijaza kuta kwa maumbo matupu, yeye akayageuza kuwa ndege, samaki na mijusi. Habari hiyo nilipoisikia nilitembea siku nzima kifua mbele. Kumbe wanyama wake walitokea kwenye tailizi!

Kwa nini faru? Mimi ni Mpare wa Kisiwani, wilaya ya Same. Pori la Mkomazi lilikuwa hapo nyuma ya mashamba yetu. Baba alituhadithia faru kama mtu anavyohadithia jirani aliyehama. Sisi watoto hatukuwahi kumwona hata mmoja. Waliletwa tena kutoka Afrika Kusini kuanzia 1997, wakawekwa ndani ya uzio, na mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Faru weusi wa Afrika nzima walikadiriwa kufika 65,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 2,500. Wameongezeka kiasi tangu hapo, ila bado wamo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa.

Hiyo ni sababu ya moyoni. Sababu ya mikononi ni kwamba faru ana mwili wa sanduku na miguu mifupi minene, na fremu inapenda vitu vinene.

Sasa kalamu. Nunua daftari la hesabu la visanduku, lile la watoto wa shule ya msingi. Chora mstatili wa visanduku 12 kwa upana na 8 kwa urefu wa kwenda juu. Huo ndio mraba wako wa tailizi, japo si mraba.

Watu wote niliowafundisha wanafanya kosa moja: wanaanza kuchora faru. Weka faru pembeni. Anza na pengo. Jiulize: kati ya miguu yake kuna nafasi, nani atakaa hapo? Jibu ni nundu ya mgongo wa faru wa chini yake. Kwa hiyo kutoka ukingo wa chini mega kipande hiki: safu ya kwanza, visanduku 6 vya katikati (cha 4 hadi cha 9), safu ya pili, visanduku 4 (cha 5 hadi cha 8). Kipande hicho kinafanana na sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Kisogeze moja kwa moja hadi juu, kikae mgongoni. Usikigeuze wala usikipindue, kisogeze tu kama unavyosogeza boksi sakafuni. Papo hapo umepata miguu miwili chini na nundu juu.

Halafu pengo la pili, nyuma. Kwenye ukingo wa kushoto, ukihesabu safu kutoka chini, mega safu ya 5 visanduku vitatu (1, 2, 3), safu ya 6 visanduku viwili (cha 1 na cha 3, cha 2 kiache), safu ya 7 kisanduku kimoja (cha 3). Visogeze vyote kulia, vishike ukingo wa kulia kwa mpangilio uleule. Sasa simama utazame. Kulia kumetokea pua, na kwenye ncha ya pua pembe iliyosimama visanduku viwili. Kushoto, kile kisanduku ulichokiacha, pamoja na viwili vilivyo juu yake, kimening'inia. Huo ni mkia! Na mkia wa faru wa mbele unaingia sawasawa kati ya pembe na paji la uso la faru wa nyuma yake. Mimi sikuupanga mkia. Nilikuwa nahangaika na pembe, Neema akapita na vyombo, akainamia daftari akasema, "Baba, mbona huyu ana mkia wa nguruwe?" Nikachukua.

Hesabu visanduku. Ulimega 10 ukaongeza 10, ulimega 6 ukaongeza 6. Faru anabaki na 96 kama mstatili ulivyokuwa, 12 mara 8. Ukipata 95 au 97 kuna mahali umeiba, rudia kabla hujashika uzi. Faru mweusi ana pembe mbili. Mimi nafuma ile ya mbele, ambayo kwa kawaida ndiyo ndefu. Ya pili nilijaribu ikawa kama sikio la punda.

Nakili faru huyo kwenye manila, kata vipande nane, vipange mezani. Visipoumana kwenye manila havitaumana kwenye uzi, na manila ni shilingi mia chache.

Fremu. Nenda kwa seremala umwambie mbao za mbili kwa mbili, za mgrevilea au msindano zilizokauka, nafasi ya ndani sentimita 60 kwa 80. Mwambie kona azipige kwa skweya, na wewe pima mshazari zote mbili, zisipolingana mrudishie. Mbao mbichi usikubali hata akuapie. Ya kwangu ya kwanza ilikauka ikiwa na kazi ndani ikapinda kama ulimi wa kiatu.

Misumari ya inchi moja na nusu: 49 ubao wa chini, 48 ubao wa juu, kila mmoja sentimita moja kutoka kwa mwenzake. Usiipige kwenye mstari mmoja, mbao itapasuka. Ipige kwa kupishana, mmoja mbele mmoja nyuma. Ile ya juu ianze nusu sentimita ndani, ikae katikati ya miwili ya chini. Funga uzi msumari wa kwanza wa chini, panda hadi wa kwanza wa juu, shuka wa pili wa chini, panda tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Utapata nyuzi 96 zilizosimama kwa upana wa sentimita 48. Vitabu vinauita mtande, na unaopita katikati yake vinauita mshindio. Sisi nyumbani tunasema uzi wa kusimama na uzi wa kulala, na ndivyo nitakavyoendelea.

Uzi wa kusimama uwe wa pamba, ule mgumu wa kushonea magunia unafaa. Nailoni ya nyavu inavutia kwa sababu haikatiki, lakini inarefuka: unaifunga imekaza asubuhi, jioni imelegea. Ukishamaliza kuzungusha, piga uzi kwa kidole. Ulie kama zeze. Usiolia, kaza.

Uzi wa kulala ndio wenye hadithi ndefu. Sufu mpya ya dukani ni ghali na nyingi si sufu. Mimi na Mama Neema tunanunua masweta ya mtumba soko la Memorial, tunayafumua. Sweta moja kubwa la kiume linatosha rangi moja ya zulia hili na chenji inabaki. Ila si kila sweta linafumuka, na hapa ndipo nilipopoteza hela zangu mwanzoni. Geuza sweta nje ndani, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona mshono wa ovaloki, ule wa nyuzi zilizobananishwa na kukatwa ukingoni, liache: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na ukifumua utapata vipande vya upana wa kifua. Unalolitaka ni lile ambalo kila upande umefumwa peke yake na kuunganishwa kwa mnyororo. Unavuta uzi mmoja na mshono wote unafunguka kama zipu. Tazama pia kama limefuliwa kwa maji ya moto likashikamana. Hilo halifumuki, ni kofia.

Na kama ni sufu kweli? Omba muuzaji uvute kiuzi kidogo, kichome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika. Plastiki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mwuzaji mmoja aliniona nachoma akaniuliza, "Mzee, unanunua sweta au unafukuza mbu?" Lakini siku hizi akiona la sufu ananiwekea.

Ukishafumua, uzi utakuwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa baada ya wiki mbili. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe kwa maji ya vuguvugu, utundike na jiwe dogo chini. Ukikauka umenyooka.

Rangi ziwe mbili tu. Faru wanapangwa kama ubao wa drafti, wa kijivu na wa udongo wakipishana, na kila mmoja anazungukwa na wa rangi nyingine pande zake zote nne. Kijivu utakipata kwenye masweta, wala usihangaike. Rangi ya udongo naipika, kwa sababu nataka ule wekundu wa vumbi la Same. Faru hugaagaa matopeni, akitoka ana rangi ya ardhi ya kwao. Chukua sweta jeupe au la maziwa lililofumuliwa. Kwa gramu 200 za sufu, yeyusha gramu 20 hadi 30 za shabu kwenye maji, loweka sufu humo, pasha moto polepole kwa saa moja bila kuacha ichemke. Kwenye sufuria nyingine chemsha maganda makavu ya vitunguu maji, uzito sawa na sufu. Wauza vitunguu pale Mbuyuni wanakupa bure wakishakuzoea. Chuja, ingiza sufu, saa moja tena moto mdogo, halafu iache ipoe ndani ya maji yake hadi kesho. Ukiitoa kwenye moto na kuitumbukiza kwenye maji baridi, inajikunja na kuwa blanketi. Rangi inatoka kati ya dhahabu na kutu. Usitundike kazi yake penye jua la moja kwa moja.

Kabla ya faru fuma pindo, sentimita tatu za uzi wa pamba kwa upana wote: juu ya mmoja, chini ya unaofuata, ukirudi unabadilisha. Chukua rula ya mbao iliyo ndefu kuliko upana wa nyuzi, ipitishe juu chini juu chini, ukiisimamisha kwa ubavu njia inafunguka. Njia ya kurudi nachagua kwa vidole. Wapo wanaotengeneza ufito wenye vitanzi vya kuinua nyuzi, ni mzuri, ila kwa vipande vidogo hivi vidole vinatosha.

Pindo ndilo litakalokufundisha somo lililonigharimu zulia la kwanza lote. Nilivuta uzi wa kulala ukanyooka vizuri kama kamba ya kupimia sakafu, nikajisifu. Nilianza na sentimita 48. Nilipofika katikati Mama Neema akaja na futi yake ya kushonea, akapima, akacheka hadi akakaa chini: 41. Zulia lilikuwa na kiuno cha nyigu. Uzi wa kulala haupiti umenyooka, unazunguka kila uzi wa kusimama, kwa hiyo unahitaji urefu zaidi ya upana. Ukiunyima urefu huo, utauchukua kwa nguvu, kwa kuvuta kingo ndani. Dawa ni hii: kila unapopitisha, uache ukae kama kilima, mwanzo chini, katikati juu, mwisho chini. Ushindilie kwa uma wa chakula kuanzia katikati ya kilima, halafu pembeni. Ukishindiliwa vizuri uzi wa kusimama hauonekani kabisa. Pima upana kila safu.

Kila kisanduku cha daftari ni nyuzi mbili za kusimama, na kwa uzi wangu ni mistari 12 ya kulala. Kwako huenda ikawa 10 au 14. Fuma kipande cha majaribio hadi kisanduku kiwe sawa pande zote, ndiyo hesabu yako. Faru wanne wanakaa kwa upana. Kwa faru mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, safu zinakwenda hivi:

Safu ya 1: mguu wa nyuma 3, nundu ya aliye chini 6, mguu wa mbele 3.
Safu ya 2: 4, nundu 4, 4.
Safu ya 3 na ya 4: mwili wake 12.
Safu ya 5: pua ya anayemfuata 3, mwili wake 9.
Safu ya 6: paji la anayemfuata 1, mkia wake 1, pembe ya anayemfuata 1, mwili wake 9.
Safu ya 7: mkia wake 2, pembe ya anayemfuata 1, mwili wake 9.
Safu ya 8: mwili wake 12.

Kisha unarudi ya kwanza, rangi zikibadilishana zamu, na nundu inajifuma yenyewe ndani ya tumbo la wa juu. Mistari sita ya faru inatoa sentimita 48, zulia la pande sawa. Juu ya fremu bakisha nafasi ya kutosha mkono, kule mwisho vidole vinabanwa vibaya.

Kila eneo la rangi lina kidonge chake cha uzi (si cha hospitali), ninachokisokota kwa namba nane kati ya dole gumba na kidole kidogo. Safu ya 1 ina vidonge 12 vinavyoning'inia kwa mpigo, ya 6 ina 13, maana paji linaendelea na mwili wa mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na sidhani kama kuna njia ya mkato. Sharti moja tu lishike: majirani wawili waelekeane. Kidonge cha kwanza kikienda kulia, cha pili kije kushoto, wakutane mpakani, kisha warudi walikotoka. Wakifuatana njia moja, safu inayofuata juu na chini vitagongana na utaona nyuzi mbili za kusimama zimevaa nguo moja.

Wanapokutana mpakani kuna mambo mawili. Unaweza kuwaacha kila mmoja ageuke kwenye uzi wake, kutabaki upenyo mdogo wima. Upenyo wa sentimita moja siujali, unatoa kivuli kizuri ubavuni mwa pembe. Lakini tazama kifua cha faru mmoja na makalio ya aliye mbele yake: kuanzia safu ya 1 hadi ya 4 mpaka umesimama sentimita nne bila kuvunjika. Upenyo huo utafunguka kama mfuko wa shati. Hapo nyuzi zipeane mkono: kila zinapokutana, moja ipite ndani ya tanzi la mwenzake kabla ya kugeuka. Usikaze, mpaka utavimba. Tumbo linapofunga safu ya 3, kidonge cha mguu wa nyuma kinaendelea na mwili wote, cha mguu wa mbele kinakatwa, ncha ya sentimita tano inabaki nyuma.

Mkia ndio mtihani. Ni nyuzi mbili tu za kusimama, mistari 12, katikati ya rangi ya mwenzake. Kwenye safu ya 6 mimi naacha kila kitu, nafuma mkia peke yake kwa sindano butu, halafu ndipo nawaita majirani. Ukiuacha wa mwisho utakuta wameshaula.

Jicho ni mshono mmoja wa uzi mweupe kazi ikishamalizika. Nimeona watu wanaweka na kope. Ni zulia lao.

Wanyama wengine? Kijana mmoja anayeongoza watalii aliniletea oda ya twiga, na twiga wetu wa Kimasai kweli aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2019, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Twiga alinitesa mwezi mzima. Shingo ndefu nyembamba inataka pengo refu jembamba kwa jirani, na miguu minne ni fito nne zilizosimama wima; mipaka yote ni wima, mikono ya kupeana haiishi. Suluhisho ni kumfuma akiwa amelala ubavu: zungusha mchoro robo, shingo iwe inalala na nyuzi za kulala, ukimaliza unalisimamisha zulia. Mafundi wa Ufaransa wamefuma hivyo kwa karne nyingi. Tembo anakubali karibu kama faru, mkonga wake uweke chini ya mkia wa wa mbele. Minde, yule paa mweusi wa msitu wa Kilimanjaro anayepatikana Tanzania tu, nimemchora mara tatu na kila mara anatoka mbuzi.

Ukimaliza, fuma pindo la juu, kata nyuzi za juu mbili mbili ukizifunga fundo papo hapo, chini ng'oa taratibu kwenye misumari. Kunja mapindo nyuma, shona. Lowanisha kwa kitambaa chenye maji, lilaze juu ya ubao, libane kwa pini likae sawa, liache siku mbili. Ufito wa kutundikia unapita ndani ya pindo la juu.

Limebaki suala la kingo, na hili mteja ndiye aliyeniamsha. Mama mmoja kutoka Arusha alisimama mbele ya zulia langu la tatu, akasogea, akagusa ukingo wa kulia. "Baba, huyu wa mwisho pembe yake majangili wameondoka nayo?" Nikatazama. Kweli: kulia, faru sita hawana pua wala pembe, maana imevuka ukingo. Na kushoto kuna pembe sita, kila moja na kipande cha pua, bila mwenyewe. Nilimweleza mambo ya mpangilio na tailizi zinavyokatwa ukutani. Alinisikiliza kwa adabu, akanunua vitambaa vya Mama Neema.

Nikajaribu kuzungushia mpaka wa rangi moja, ukazuia macho. Nikajaribu kumwongezea faru wa mwisho visanduku vitatu vya pua, ukingo ukawa na meno na nyuzi za kusimama zikabaki uchi. Jioni moja Mama Neema alilichukua zulia, akalikunja likawa kama bomba, ukingo wa kushoto ukagusana na wa kulia. Pembe zote sita zikaingia kwa wenyewe, kijivu kwa kijivu, udongo kwa udongo. Faru wanne kwa upana ni shufwa; wangekuwa watano rangi zingegongana. Alishona pindo la chini likafungwa, juu akatia mishipi miwili ya ngozi, na huo ndio mkoba anaoendea sokoni. Mshono wa ubavuni hauonekani. Anabadilisha rangi ya uzi kila sentimita nane.